Peugeot 504 Uani: Kuifufua Bila Kuifungua Yote

Peugeot 504 nyingi zilizolala nyuma ya nyumba hazikuuawa na ubovu. Ziliuawa na mtu aliyefungua kila kitu kwa mpigo: injini juu ya magogo, viti stoo, nati kwenye mikebe ya Kimbo, milango imeegemezwa ukutani. Pesa zikakatika, mvua ikanyesha, kuku wakapata pa kutagia. Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja, na mengine yote yanalitegemea: kila mwisho wa mwezi gari lako liwe linaweza kutoka getini kwa nguvu zake lenyewe. Fungua mfumo mmoja, umalize, urudishie, liendeshe hadi dukani na kurudi, ndipo ushike mwingine.

Gari ninalolizungumzia ni stesheni wagoni, ile ndefu. 504 ilizinduliwa mwaka 1968 na stesheni wagoni ikafuata mwaka 1971. Kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ina mita 2.90, wakati saluni ina 2.74. Toleo lake la Familiale lina safu tatu za viti, watu saba wote wakitazama mbele, na ndilo lililobeba abiria wa Nairobi na Nakuru kabla ya Nissan kutawala barabara. Waliolitengeneza walijua litalemewa, hivyo nyuma wakaliwekea ekseli moja nzima na springi nne badala ya mbili. Ufaransa iliacha kuitengeneza 504 ya abiria mwaka 1983, ila Kenya iliendelea kuiunganisha miaka mingi baadaye. Ndiyo sababu bado unaikuta kwenye boma la mwalimu mstaafu kule Nyeri au chini ya mwembe Kilifi.

Na hizo zilizopo ndizo zilizopo. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka minane, kwa hiyo usingojee meli ikuletee nyingine iliyo nzima.

Kabla hujalipa

Anza na karatasi. Namba ya chesisi na ya injini zilizo kwenye logbook ziwe ndizo zilizogongwa kwenye chuma. Gari la umri huu limebadilisha mikono mara nyingi, na mara nyingine limebadilishiwa injini bila mtu kwenda kuandikisha. Injini isiyolingana si mwisho wa safari, lakini ni safari ya ofisini, na gharama yake uikate kwenye bei. Kama jina lililo kwenye logbook ni la marehemu na warithi hawajapatana, achana nalo hata likiwa linang'aa.

Kisha chukua bisibisi na nyundo ndogo, ulale chini. 504 haina chesisi ya pekee kama lori au pikapu. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo, hivyo kutu hapa si suala la sura. Gonga boksi la bati linalokwenda chini ya milango kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Bati zima hulia, bati lililoliwa hutoa sauti ya kufa. Gonga pale jeki inapoingia, sakafu chini ya mazulia, chini ya mlango wa nyuma, na kikapu cha tairi la spea kinachoning'inia chini ya sakafu ya nyuma. Mwisho fungua boneti, uangalie kwa tochi pale shokapu za mbele zinapojifunga juu. Sehemu hiyo ikiwa imetoboka au imebandikwa bati juu ya bati, muage mwenye gari kwa heshima uende zako. Mengine yote yanatengenezeka uani.

Gari la Pwani lipekue mara mbili. Upepo wa chumvi huanzia ndani ya mikunjo ya bati usikoona, na rangi mpya kabisa kwenye gari la Mombasa linalouzwa isikufurahishe hata kidogo.

Kwanza lisimame

Watu hufufua injini kwanza kwa sababu sauti yake inatia moyo. Mimi nasema breki kwanza. Gari linalowaka bila breki litamjaribu mtu tu, na mtu huyo mara nyingi ni kijana wa nyumbani ambaye hukumwachia ufunguo.

Kabla ya kulala chini ya gari, tupa mawe. Jiwe la kujengea hupasuka bila kutoa ilani, na jeki ya maji hushuka usiku kucha bila kusema. Nunua stendi za chuma, au uchomelewe na fundi wa geti anayejua uzito unaomwambia, uweke kizuizi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, halafu lisukume gari kwa bega kabla ya kuingia. Likicheza sasa, ni afadhali licheze wewe ukiwa nje.

Mbele kuna disiki, nyuma kuna drami. Usipulize vumbi la drami kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa kuwa viatu vya breki vya zamani vilikuwa na asbesto, na vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa ukakitupe. Badilisha hozi zote za mpira hata kama kwa nje zinaonekana nzima. Hozi iliyozeeka huvimba ndani, mafuta yakaenda lakini yasirudi, ndipo gurudumu moja linapochemka na mwenye gari akalaumu beringi. Masta silinda na silinda za magurudumu zilizosimama miaka huwa na kutu ndani. Ukikuta vishimo kwenye ukuta wa silinda, mpira mpya utavuja baada ya wiki chache, hivyo nunua silinda yote.

Karibu na ekseli ya nyuma tafuta vali inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Ikiwa ipo, mara nyingi imeganda kwa matope, na gari likiwa tupu nyuma hushika mapema likateleza kwenye lami yenye mvua. Isafishe mpaka mkono wake uchezeke, usiiruke tu kwa bomba kama wengi wanavyofanya. Mafuta ya breki yawe ya DOT 3 au DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa. Ile chupa iliyo wazi stoo tangu mwaka juzi imekwisha kunywa unyevu wa hewa.

Maji ndiyo uhai wa injini hii

Hapa kaa muda mrefu, kwa sababu 504 nyingi zilizosimama zilisimamishwa na joto.

Injini ya petroli utakayoikuta mara nyingi ni XN1 ya cc 1971. Za mwanzo zilikuwa cc 1796 na umbo ni lile lile: bloku ya chuma, hedi ya alumini, na laina nne zinazogusana na maji moja kwa moja. Laina hizo hazikugongewa ndani ya bloku kama kwenye injini nyingi za Kijapani. Zimekaa tu juu ya sili zao kule chini, na kinachozikandamiza ni hedi. Utengenezaji huu ni wa akili sana kwa nchi kama zetu, maana laina na pistoni zikichakaa unazichomoa unaweka nyingine, bila kupeleka bloku kuchongwa.

Lakini akili hiyo ina mtego wake. Fundi wa mtaani akifungua hedi, ana mazoea ya kuzungusha injini ili pistoni zipande azikwangue kaboni. Kwenye injini hii asithubutu. Pistoni ikipanda bila hedi huinyanyua laina, sili ya chini huachia, na injini ikifungwa maji yanaanza kuingia kwenye sampu kidogo kidogo. Mwezi mmoja baadaye oili imekuwa kama chai ya maziwa, na gasketi mpya inalaumiwa bure. Kabla ya kugusa chochote baada ya hedi kutoka, funga laina kwa bolti na washa pana zinazoshika kingo za laina mbili mbili. Ikiwa imekwisha kuzungushwa, kubali hasara hapo hapo: sampu ishuke, pistoni zitoke, sili zibadilishwe. Na laina zikirudi, vichwa vyake vinatakiwa kutokeza juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo sana za milimita, zote kwa usawa, ili hedi izibane. Kipimo chake kiko kwenye kitabu, nacho kinapimwa kwa fila geji na rula ya chuma. Ukucha si kipimo. Haynes walichapisha kitabu cha 504, na nakala yake kuukuu ina thamani kuliko seti nzima ya spana zinazong'aa.

Unajuaje kama gasketi imekwenda? Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, utazame. Mapovu yasiyokoma ni moshi wa silinda unaopita kwenye maji. Hozi ya juu ikiwa ngumu dakika mbili tu baada ya kuwasha, jibu ni hilo hilo. Hedi ikitoka ipeleke kwenye mashine ipimwe na kusawazishwa, ila muulize fundi wa mashine imekwisha kukatwa mara ngapi, kwa kuwa alumini haioti tena. Mwombe pia akague viti vya valvu. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu kufikia mwanzoni mwa 2006, na hedi iliyofanya kazi miaka mingi kabla na baada ya hapo inastahili kutazamwa. Kaza bolti kwa spana ya toki kwa hatua, ukianzia katikati ukienda nje. Atakayekuambia mkono wake unajua, mwambie asante fundi, kisha umpe spana ya toki.

Sasa themostati. Kuitoa ni mazoea ya Afrika Mashariki nzima, na hoja ni kwamba huku kuna joto. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na asubuhi za Julai injini isiyo na themostati huzunguka mjini bila kupata joto lake. Petroli inaisha, oili inashika unyevu, laina zinaliwa. Kama kutoa themostati ndiko pekee kunakozuia gari lisichemke, basi rejeta imeziba au pampu imechoka, na hilo ndilo la kutengeneza. Peleka rejeta kwa fundi wa rejeta aifungue aipige fito, usiridhike na kumwagia maji ya bomba kwa mbele.

Kifuniko cha rejeta ni kitu cha bei ndogo chenye kazi kubwa. Kwenye mwinuko wa Nairobi maji yaliyo wazi huchemka kwa takriban nyuzi 94, si 100, na shinikizo la kifuniko ndilo linalosogeza kiwango hicho juu. Mpira wake ukiwa umepasuka, nunua kipya chenye namba sahihi. Halafu achana na maji matupu, hasa ya kisima chenye chumvi. Alumini na chuma vikikaa pamoja kwenye maji ya namna hiyo, alumini ndiyo inayoliwa. Weka kulanti nusu kwa nusu na maji safi.

Utaona pia kwamba feni ya 504 imekusudiwa kushika na kuachia kwa sumaku ya umeme kulingana na joto. Kwenye magari mengi hapa fundi fulani ameifunga kwa bolti izunguke muda wote. Si dhambi. Inakula nguvu kidogo na kupiga kelele, lakini haitakuachia mlimani. Kama yako bado ina sumaku yake, isafishe brashi na swichi yake ya joto. Kama imekwisha kufungwa, iache hadi mengine yaishe.

Mwenye dizeli, haya ya maji yanakuhusu vile vile. Pampu na nozeli peleka kwa fundi wa pampu, usizifungue uani kwenye vumbi.

Petroli na moto

Hapa tupite haraka. Mwaga petroli yote iliyolala, toa tangi, lisafishe, badilisha hozi za petroli na uweke filta. Kabureta ioshe, jeti zipulizwe, gasketi mpya. Gari lililotoka Mombasa likahamia bara litatoa moshi mweusi hadi lirekebishwe, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na kabureta bado inamwaga petroli ya pwani. Pointi, kondensa, waya za plagi na plagi: badilisha vyote siku moja, visikusumbue akili tena. Safisha waya za ethi kutoka betri hadi bodi na hadi injini. Nusu ya matatizo ya stata na taa hafifu kwenye magari haya hayako kwenye stata wala kwenye taa.

Klachi, na lile bomba

Ukienda kwa fundi aliyezoea Toyota, mwambie mapema: propela ya 504 haiko wazi. Iko ndani ya bomba nene lililofungwa kwenye difu, na upande wa mbele bomba linashikana na gia boksi. Huwezi kufungua bolti nne ukaiangusha chini. Ili gia boksi itoke lazima bomba liachane nayo, na kwa stesheni wagoni hiyo ina maana ya ekseli nzima ya nyuma kurudishwa nyuma, hozi ya breki na shokapu zikiwa zimefunguliwa. Ni kazi ya watu wawili na stendi nne. Kwa sababu hiyo usibadilishe kipande kimoja cha klachi. Weka sahani, presha na beringi yake, sili ya nyuma ya injini na sili ya mbele ya gia boksi, vyote kwa pamoja. Kama ulipanga kurejesha breki za nyuma na bushi za ekseli, panga ziangukie wiki hiyo hiyo.

Springi nne za nyuma zikilala, mafundi huweka mbao au vipande vya tairi katikati ya pete. Gari hunyanyuka, lakini springi iliyozuiwa pete zake hukatika. Tafuta seti kutoka gari jingine, au umpelekee fundi wa springi zote nne azipime urefu kwa pamoja.

Spea utazipata kwa subira. Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, bado kuna maduka ambayo mzee wa kaunta akisikia 504 huinuka mwenyewe kwenda stoo ya nyuma. Pikapu ya 504 ina vipande vingi vya injini na vya mbele vinavyolingana na vyako, na Peugeot 505 nyingi zilitumia XN1 ile ile, kwa hiyo 505 iliyogongwa ni ghala lako. Nenda na kipande cha zamani mkononi. Muuzaji akikuambia, "Mzee, hii ni jenuini kabisa," wewe weka viwili mezani upime.

Bodi

Ukifika hapa gari linatembea, linasimama na halichemki, nawe una haki ya kushika bati. Kata kutu hadi upate bati jeupe, chomelea bati jipya la milimita moja, usibandike juu ya lililooza. Kabla ya moto wowote ondoa mazulia, toa tangi la petroli, chomoa betri na waya za altaneta, na mtu asimame kando na ndoo ya mchanga. Fila ni ya kusawazisha mikwaruzo baada ya bati kukamilika. Fundi anayeanza kuikoroga kabla ya kuchomelea, mlipe ya siku hiyo umruhusu aende. Ukimaliza, zibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango, kisha upulizie grisi nyepesi ndani ya yale maboksi ya chini. Oili chafu ya injini, ambayo watu huipenda kwa kuwa ni ya bure, ina asidi na uchafu wake.

Kuna kitu kimoja cha bodi ambacho hakingojei zamu ya bodi: mpira wa mlango wa nyuma. Stesheni wagoni likikimbia, hewa iliyo nyuma yake huvuta moshi wa ekzosi kuelekea mlangoni, na mpira uliokauka huuingiza ndani. Wanaokaa safu ya tatu ni watoto, na sumu ya moshi huo haina harufu. Fungia karatasi kwenye mlango, uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekufa mahali hapo. Zunguka mlango mzima hivyo, na ekzosi yenyewe ihakikishe haina tundu na bomba lake linatokeza nje ya bampa. Barabara ya vumbi itakuonyesha mapengo yaliyobaki, kwa sababu vumbi hupita panapopita moshi.

Rangi ni ya mwisho, na chagua ile iliyoandikwa kwenye logbook ili usiongeze safari nyingine ya ofisini.

Safari ya kwanza isiwe ya harusi. Toka asubuhi bila mzigo, kilomita hamsini kwenda na kurudi, ukiwa na lita kumi za maji, hozi ya juu ya akiba, mkanda wa feni, pointi, spana na simu yenye chaji. Simama baada ya kila nusu saa, uguse habu za magurudumu manne. Moja ikiwa moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki inakwama au beringi imebanwa sana, na hapo rudi nyumbani polepole. Kifuniko cha rejeta usikifungue njiani injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa. Ukirudi, liache lipoe hadi asubuhi ndipo upime maji na oili. Fanya hivyo kwa safari chache, ukirudia kukaza bolti unavyoelekezwa na kitabu, na vipimo vikiwa havibadiliki wapakie watu saba muende Naivasha.